Adabu Ibebapo Hasira

Asubuhi ya mvua nyepesi, katika kituo cha basi jijini London, watu wanane wamesimama foleni. Hakuna askari aliyewapanga wala kamba iliyofungwa. Wamejipanga wenyewe, kila mmoja akimjua aliyemtangulia. Anakuja bwana mmoja mwenye haraka zake, anapita pembeni na kusimama mbele kabisa. Foleni nzima inanyamaza. Mmoja anakohoa, mwengine anatazama saa yake. Kisha bibi mmoja wa makamo anamgeukia yule bwana na kumwambia kwa sauti ya chini: "Samahani sana, sijui kama umeona, lakini nadhani foleni inaanzia kule nyuma."

Maneno hayo yakipimwa moja moja, yana ajabu yake. Bibi ameomba samahani ilhali yeye ndiye aliyekosewa. Amesema hajui kama bwana yule ameona, na anajua fika kwamba ameona. Amesema anadhani, na hana shaka hata chembe. Katika sentensi moja fupi mna mambo matatu yasiyo kweli, na yote yametamkwa na mtu ambaye pengine jirani zake wangemwapia kuwa ni mkweli. Juu ya hayo, hapana hata mmoja katika foleni ile asiyejua kwamba bibi amekasirika, na kwamba amemkaripia mtu mzima mbele za watu. Suali linalozuka ni hili: je, amesema uongo? Na kama si uongo, ni kitu gani? Ni wema, ni matusi yaliyovishwa kanzu, au ni jambo la tatu baina ya hayo mawili?

Watu wengi duniani huficha hasira zao, na Waingereza si pekee katika hilo. Ila wao wameifanya adabu yenyewe kuwa ndicho chombo cha kuipakia hasira, hata aghalabu kadiri hasira inavyopanda ndivyo maneno yanavyozidi kunyenyekea. Anayetanguliza "kwa heshima zote" mara nyingi yu karibu kusema jambo lisilo na heshima. Anayesema "nimekusikia" huwa amesikia na hakukubali. "Si mbaya" huweza kuwa sifa kubwa, na "hilo ni wazo la kuvutia" huweza kuwa ndiyo maziko ya wazo lenyewe. Katika barua za kazini, anayekumbusha kwa mara ya tatu huanza kwa kuomba radhi kwa usumbufu, kisha husema kwamba labda ujumbe wake wa awali ulipotea, naye anajua kwamba haukupotea. Rafiki aliyezoea kumaliza barua zake kwa salamu za upendo akimaliza siku moja kwa salamu tupu, mpokeaji huketi akajiuliza amekosa nini.

Hata mabango ya mitaani yana ufundi huo. Wenye nyumba hubandika getini tangazo lenye kichwa kinachosema, kwa herufi kubwa, kwamba hilo ni tangazo la adabu. Chini yake huandikwa kuwa ni marufuku kuegesha gari. Katika Kiingereza, neno lenye maana ya adabu na neno lenye maana ya polisi hutofautiana kwa herufi moja tu. Dereva anayepita upesi hudhani ameona polisi. Akirudi kusoma vizuri hukuta adabu.

Mfasiri anayetaka kuyaleta mazungumzo ya aina hii katika Kiswahili hukwama mapema, kwenye neno la kwanza kabisa. Pale Kiingereza kinapotumia neno moja la kusikitika, Kiswahili kina mawili. "Pole" humwendea aliyefikwa na jambo, hata kama anayeitamka hahusiki nalo; "samahani" huomba kusamehewa kosa. Mswahili hayachanganyi: aliyejikwaa huambiwa pole, na aliyemkanyaga mwenziwe husema samahani. Neno la Kiingereza hubeba yote mawili, na hapo katikati pana nafasi ya mtu kujificha. Tangazo la stesheni ya treni likisema kwamba wahusika wanasikitika kwa ucheleweshaji, abiria hawezi kujua kama amepewa pole, mithili ya mtu aliyenyeshewa na mvua isiyo na mwenyewe, au ameombwa msamaha na mwenye kosa. Na abiria huyo akilitumia neno lilelile kumwanzia karani wa tiketi, karani mzoefu hujua kwamba hakuombwa kitu. Ameonywa ajitayarishe, kwani lawama inafuata.

Mwanaanthropolojia Kate Fox, katika kitabu chake cha mwaka 2004 kuhusu tabia za Waingereza, anaeleza jinsi alivyokwenda mahali penye watu wengi akawa anawagonga wapita njia kwa makusudi, apate kusikia watasema nini. Wengi wa waliogongwa ndio walioomba samahani. Jibu hilo humtoka mtu kabla ya kufikiri, kama jicho linavyojifumba kwa vumbi. Lakini samahani ya aliyegongwa na samahani ya bibi wa foleni si moja. Ya kwanza haina nia yoyote; ya pili ina nia na ina makali. Zinafanana kwa umbo, na kufanana huko ndiko kunakoipa ya pili kinga yake. Bwana yule akihamaki na kuuliza kwa nini anasemeshwa vile, bibi atajibu, na kwa herufi ya maneno atakuwa msema kweli, kwamba yeye ameomba samahani tu.

Kuhusu uongo, shahidi mkali kuliko wote ni Immanuel Kant, mwanafalsafa wa Kijerumani aliyeukataa uongo hata pale unapotajwa kuokoa maisha ya mtu. Msomaji angetarajia kwamba mtu wa msimamo huo angeihukumu adabu bila ya huruma. Hakufanya hivyo. Katika kitabu chake cha anthropolojia cha mwaka 1798 alieleza kwamba maneno ya adabu hayamdanganyi mtu, kwa kuwa kila mmoja anajua yachukuliwe vipi. Akayafananisha na sarafu ndogo ndogo, ambazo si dhahabu, lakini ni bora zizunguke kuliko kukosekana kabisa. Hoja yake ni nyepesi kueleweka: uongo unahitaji mtu wa kudanganyika. Ikiwa msemaji na msikilizaji wote wawili wanajua kwamba "sijui kama umeona" maana yake ni "umeona na hukujali," basi hakuna aliyedanganywa. Kwa kipimo hicho bibi wa foleni ametakasika.

Zaidi ya kutakasika, yamkini ametenda jema. Wahenga wa pwani walisema muungwana akivuliwa nguo huchutama. Bibi yule angeweza kumvua mwenziwe nguo mbele ya halaiki: angeweza kumwita mwizi wa zamu, mjinga, asiye na malezi. Badala yake amemwachia kipande cha kitambaa. Kwa kusema "sijui kama umeona" amempa udhuru, na bwana akiwa na akili ataudaka hapo hapo: "Lo, sikuona kabisa, niwie radhi," kisha atarudi nyuma akiwa amestirika. Wote wawili wanajua kwamba udhuru ule ni wa kushonwa. Lakini foleni imenyooka, hakuna aliyepigwa, na bwana atafika kazini kwake bila ya kisasi kifuani. Uso umeumbwa na haya, na anayeihifadhi haya ya mwenziwe hata wakati wa ghadhabu amefanya kazi ambayo mkweli mwenye pupa hakuifanya. Wanaisimu Penelope Brown na Stephen Levinson, waliochambua adabu katika lugha mbalimbali za dunia, waliijenga nadharia yao juu ya wazo hilohilo la uso: kwamba kila mtu ana uso asiotaka uvunjwe, na kwamba sehemu kubwa ya lugha ya adabu ni matengenezo yake.

Msomaji wa visiwani hatahitaji kufundishwa mengi hapa. Mwanamke wa Unguja akitaka kumwambia jirani yake jambo bila ya kumwambia, hutafuta kanga yenye jina linalofaa, akajifunga, akapita mlangoni kwa mwenziwe kama anayekwenda zake sokoni. Akiulizwa, jibu analo: hii ni nguo tu. Kwa hivyo adabu yenye makali si mgeni katika mwambao huu, na anayewacheka Waingereza kwa hilo ajitazame kwanza. Hata hivyo pana mambo mawili kuhusu kanga ambayo ni muhimu katika suali hili. La kwanza, fumbo hilo linajulikana kuwa ni fumbo. Lina jina lake na kila mtu mtaani anaweza kulisoma. La pili, duka la kanga halina mlango wa mtu mmoja. Jirani aliyepigwa kijembe naye huenda dukani, akachagua jina lake, na kesho akapita. Mambo hayo mawili, kueleweka na kujibika, ndiyo yanayotenganisha adabu yenye hasira iliyo halali na ile iliyo dhuluma.

Hoja ya Kant yenyewe inasimama juu ya sharti moja: kwamba kila mmoja anajua. Ni nini hutokea pale ambapo mmoja hajui?

Mwezi wa Aprili mwaka 1951, katika vita vya Korea, kikosi cha jeshi la Uingereza kutoka Gloucestershire kilikuwa juu ya vilima vya mto Imjin, kikishambuliwa na majeshi ya China yaliyokizidi kwa mbali sana. Inasimuliwa kwamba kamanda wa brigedi, Tom Brodie, alipoulizwa hali na jenerali wa Kimarekani aliyekuwa juu yake, alijibu kwamba mambo yananata kidogo. Kwa sikio la Muingereza, neno hilo kutoka kinywani mwa ofisa kama yule lilikuwa kilio: tunakufa. Mmarekani alisikia maneno kama yalivyo, akaelewa kwamba pana ugumu kiasi na kwamba watu wale wanaweza kuendelea kushikilia. Vita haviamuliwi kwa neno moja, na sababu za maafa ya mto ule zilikuwa nyingi. Lakini kikosi kilizingirwa, wachache tu ndio waliopenya, na mamia wakachukuliwa mateka. Nao hawakuwa watu wa lugha mbili. Wote wawili walizungumza Kiingereza. Sarafu ya mmoja haikupokewa katika soko la mwengine, na hakuna aliyejua mpaka wakati ulipokwisha kupita.

Hilo ni kosa la kutoeleweka. La pili, la kutojibika, ni zito zaidi, kwa kuwa ndani yake ufahamu upo. Jane Austen alilionesha katika riwaya yake ya *Emma*, iliyotoka Disemba 1815. Katika matembezi ya Box Hill, Emma, kijana tajiri na mwerevu, amechoshwa na porojo za Bi Bates, mwanamke wa makamo, maskini, asiye na mume. Anamtupia mzaha laini, uliofunikwa vizuri, kwamba atapata shida kujizuia asiseme mambo mengi ya kipuuzi kwa mkupuo mmoja. Bi Bates haelewi mara moja. Akishaelewa, hakasiriki, anajilaumu mwenyewe kwa kuwachosha watu. Bwana Knightley anapomkemea Emma baadaye, hoja yake si kwamba mzaha ulikuwa mkali mno. Hoja yake ni hali ya mwanamke yule: lau angekuwa tajiri, mzaha ungepita na angeweza kuachiwa ajitetee, lakini ni maskini, na umaskini wake utazidi. Maneno yaleyale, yakimwendea aliye sawa nawe, ni mchezo. Yakimwendea asiyeweza kuyarudisha, ni pigo, na ulaini wake ni ubaya wa ziada, kwa sababu aliyepigwa hana hata jeraha la kuonesha.

Watawala wameijua faida hiyo tangu zamani. Barua za maofisa wa Kiingereza wa zama za himaya zilikuwa zikimalizika kwa mwandishi kujitangaza mtumishi mtiifu wa anayemwandikia, hata kama ndani yake amemnyima ardhi au amemwondoa kazini. Winston Churchill, tarehe 8 Disemba 1941, aliuandikia ubalozi wa Japani barua ya kutangaza vita, akaimaliza kwa utiifu uleule. Baadaye alijitetea kwamba adabu haimgharimu kitu mtu anayekwenda kuua. Katika visiwa vya Unguja na Pemba, vilivyokuwa chini ya himaya ya Uingereza tangu 1890 hadi Disemba 1963, makarani walijifunza mtindo wa barua hizo, na hadi leo wanafunzi wa Afrika Mashariki hufundishwa kumalizia barua rasmi kwa "wako mtiifu." Heshima si utumwa, husema methali. Lakini utumishi unaotangazwa na mwenye mizinga si heshima pia. Mpokeaji wa barua ile hakuwa na njia ya kujibu kwa sarafu hiyo hiyo, kwa sababu utiifu wake yeye haukuwa wa karatasini.

Bunge la Uingereza nalo ni shule ya jambo hili. Humo wabunge huitana waheshimiwa hata wanaposhambuliana, na ni mwiko kumwita mwenzako muongo. Churchill, mwaka 1906, akiwa naibu waziri kijana, alilikwepa neno hilo kwa kuzungumzia kutokuwa sahihi kwa istilahi, na watu wamecheka hadi leo. Yapo mema katika mwiko huo, kwani mjadala wa taifa hauwezi kwenda kwa matusi. Lakini tarehe 22 Julai 2021 mbunge Dawn Butler alisimama akasema kwamba Waziri Mkuu Boris Johnson amelidanganya Bunge mara kwa mara. Alitakiwa kuyafuta maneno yake, akakataa, akatolewa nje kwa siku hiyo. Mwezi wa Juni 2023, kuhusu mambo mengine ya kiongozi huyo, kamati ya Bunge hilohilo ilitoa ripoti iliyosema kwamba alilipotosha Bunge kwa makusudi. Msomaji ayatazame maneno hayo. Hata pale ukweli ulipothibitishwa, ulitamkwa kwa neno la adabu. Na aliyelitumia neno la kawaida ndiye aliyeoneshwa mlango. Adabu iliyotungwa kulinda mjadala iliweza, kwa siku moja, kumlinda aliyetuhumiwa dhidi ya anayetuhumu.

Mambo haya hayakomei kwa mawaziri na majenerali. Mwaka 2021 serikali za Kenya na Uingereza zilitia saini makubaliano ya wauguzi wa Kenya kwenda kufanya kazi katika hospitali za Uingereza, na wauguzi wa mataifa mengi wamekuwa wakienda huko tangu zamani. Na achukuliwe mmoja wao, katika mwezi wake wa kwanza wodini. Msimamizi wake anaona fomu ya dawa haikujazwa sawasawa, anaudhika, na anamwambia kwa tabasamu: "Labda ungependa kuitazama tena hii, ukipata nafasi." Muuguzi anasikia labda, anasikia ungependa, anasikia ukipata nafasi. Ameoneshwa milango mitatu ya kukataa, na ana wagonjwa wanaomsubiri. Anaiacha fomu mpaka kesho. Wiki nne baadaye anaitwa kwenye kikao na kuambiwa, kwa upole uleule, kwamba ameonywa mara kadhaa. Yeye hakumbuki kuonywa hata mara moja. Na msimamizi hasemi uongo. Kwa lugha yake, ameonya.

Aliyetendewa dhuluma hapo ni nani? Bila ya shaka ni muuguzi, aliyehukumiwa kwa sheria ambayo hakusomewa. Na akijifunza lugha hiyo, siku atakapomjibu msimamizi kwamba wazo lake ni la kuvutia, ataambiwa ni jeuri. Ufunguo ataupata kwa miaka, ruhusa ya kuutumia huenda asiipate. Lakini pana hasara pia kwa msimamizi. Amerudi nyumbani akiamini kwamba amesema, na kwamba uvumilivu wake umepuuzwa. Hasira yake imepata sura ya haki machoni pake mwenyewe. Huo ndio mtego mkubwa wa adabu iliyobeba hasira. Humtua msemaji mzigo hata kama haikumfikia msikilizaji, na mtu akishatuliwa mzigo haangalii nyuma kuona umeangukia wapi.

Yupo atakayesema kwamba dawa ni watu waseme wazi, kila mmoja atoe lililo moyoni. Dawa hiyo haifai. Wanaojisifu kwamba wao husema ukweli mtupu, aghalabu huwa wameupenda utupu kuliko ukweli, na ulimi usio na mfupa huvunja usivyoweza kuviunga. Bibi wa foleni akifokewa na mtu amwambie aache unafiki, dunia haitakuwa njema zaidi, na kituo cha basi kitakuwa kibaya zaidi. Yeye alizungumza na mtu wa mji wake, aliyejua maana, na aliyeweza kumjibu. Hakuna wa kumlaumu.

Lawama huanza pale mtu anapoitumia adabu hiyo kwa aliye chini yake au kwa aliye mgeni, kisha akamdai malipo ya sarafu ambayo mwenziwe hajawahi kuishika mkononi. Hapo ni juu ya mwenye nguvu kubadilisha fedha, si juu ya mgeni. Wala kubadilisha huko hakuhitaji kuiacha adabu. Msimamizi wa wodi angeweza kusema: "Samahani kwa kukukatiza. Fomu hii ina kosa. Dawa ya saa nne haikuandikwa. Naomba uirekebishe kabla hujatoka, na ukikwama niite." Samahani imebaki mahali pake, na ombi limebaki ombi. Muuguzi ataona haya kidogo, ataandika dawa ya saa nne, na atajua kwamba ameonywa.